Ndoa ya Spitali

Jumamosi ya kwanza ya utaratibu mpya ndiyo siku ambayo Thani bin Sleiman alimchukua Bi Mahfoudha spitali kubwa. Wiki moja nyuma wangalipita bila ya kuulizwa neno. Lakini Thani, karani wa bandarini, ni mtu wa kesho kesho. Alisubiri mpaka gari lake litoke gereji, na gari lilipotoka gereji, sheria nayo ilikuwa imekwisha kutoka wizarani.

Dirishani alikaa binti mmoja wa makamo ya kuolewa, jina lake Buthaina limebandikwa kifuani. Akaipokea kadi ya Bi Mahfoudha, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Huyu nani wako?" akauliza kwa Kiarabu.

"Mama yangu."

"Mbona hapa imeandikwa mtumishi wa nyumbani?"

Hakusema kwa ubaya, masikini. Alipaza sauti kwa sababu ya kile kioo, na foleni nzima ikasikia. Wanaume wawili waliokuwa nyuma wakamtazama Thani, kisha wakamtazama bibi. Bi Mahfoudha akainua macho akaitazama saa ya ukutani, kama mtu asiyejua Kiarabu. Na Kiarabu alikijua vyema. Zaidi ya miaka ishirini amegombana kwa Kiarabu hicho hicho na wauza samaki wa Matrah, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumzidishia bei.

"Ni mama aliyenilea," alisema Thani kwa sauti ya chini. "Hiyo kadi ni kwa ajili ya viza tu. Ndiyo iliyokuwa rahisi kupatikana."

"Nnakufahamu, ndugu yangu. Lakini aliyekulea hayumo kwenye kompyuta." Buthaina akamweleza taratibu, kwa mara ya kumi labda asubuhi ile. Tangu mwezi huu, matibabu ya serikali ni ya raia, na mke wa raia, na mzazi wake, na wanawe. Mgeni atatibiwa kwa gharama za kafili wake, yule aliyemdhamini viza. Aliyefika katika hali ya dharura tu ndiye asiyeulizwa kitu. "Yeye ni dharura?"

Wote wawili wakamgeukia. Bi Mahfoudha alikuwa amesimama wima, mkoba kwapani, midomo imeingia rangi ya zambarau kidogo.

"Bado," alisema Thani.

Na tuseme haki. Serikali ilikuwa imemtibu kila aliyefika kwa miaka, na kuna makampuni yaliyoleta wafanyakazi kwa mamia na kuzitupia spitali mzigo wote. Sheria ilitungwa kwa ajili yao. Aliyeitunga hakumjua Bi Mahfoudha. Laiti angaliwahi kuonja bokoboko lake, wallahi, angalimwandikia kifungu chake peke yake.

Daktari alimtazama siku ile kwa kumhurumia Thani, na kwa fedha za Thani. Mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, alisema, damu inarudi nyuma. Unataka kubadilishwa, na usingoje joto liingie. Alipotaja gharama, Thani alidhani amesikia vibaya. Ilikuwa karibu na mshahara wake wa mwaka mzima.

 

Nyumbani kwao Wadi Kabir, habari ilifika kabla ya wao kuvua viatu, maana uso wa Thani haujui kuficha kitu. Mama yake, Bi Wadha, alikuwa juu ya godoro lake barazani, tasbihi mkononi. Mkewe, Balqees, akatoka jikoni na mikono yenye unga.

"Nitakopa benki," alisema Thani. "Basi. Nyumba tutajenga mwaka mwengine."

"Ukikopa, mimi napanda ndege," alisema Bi Mahfoudha. "Watoto wako wakae nyumba ya kukodi kwa ajili ya moyo wa kizee? Hata! Nirudisheni Wete."

"Wete una nani?" akadakia Bi Wadha.

"Nna makaburi."

"Makaburi yatakupikia uji?"

"Yatanikaribisha. Mtu wa kazi hakopewi benki, Bi Wadha. Akichakaa hurudishwa kwao."

"Nani mtu wa kazi? Nani kakwambia neno hilo?"

"Kadi imesema. Watu wote wamesikia, mpaka wale Mabaluchi wawili wa nyuma yetu."

Bi Wadha akaitupa tasbihi juu ya mto. Hawa wawili walianza kugombana Pemba, wangali watoto wa nyumba jirani, na walipovuka bahari kuja nchi hii ya Waarabu waliendelea pale pale walipoachia. Nani kaweka iliki nyingi, nani kaacha dirisha wazi, nani kamdekeza Thani hata akawa mzembe vile. Siku asiposikika mmoja wao, Balqees alikuwa akienda kuchungulia kama wazima. Lakini neno lile la mtu wa kazi halikuwa ugomvi wao wa kawaida. Bi Wadha macho yakamjaa maji kwa hasira.

Bi Mahfoudha akaingia chumbani. Wakasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda, kisha akihema. Sanduku lilikuwa tupu na bado lilimshinda kuliinua. Thani akaenda akalirudisha chini ya kitanda, na yeye akamwacha alirudishe.

 

Fikra ile ilikuwa ya Balqees. Mwenyewe aliipata akikanda chapati, na akaacha donge likauka.

"Mke wa raia," alisema. "Yule binti si kasema mke wa raia anatibiwa?"

"Kasema," alijibu Thani. "Lakini mimi nnaye mke."

"Sikusemi wewe, kefule! Nnamsema Mjomba Sleyum."

Mjomba Sleyum ni mdogo wake Bi Wadha, mjane wa miaka mingi, anakaa peke yake Sidab. Kila alasiri akija Wadi Kabir kunywa kahawa, na kila alasiri Bi Mahfoudha akimtilia kahawa ile na kumwambia kanzu yake haikupigwa pasi. Waliamkuana kwa matusi madogo madogo, na asiyewajua angalidhani wanachukiana.

Alipofika siku ile Thani alimweleza, na Sleyum akaweka kikombe chini.

"Mimi? Nimuoe Mahfoudha? Ataniua kwa maneno kabla ya Idi."

"Na nani kasema mimi nakutaka?" sauti ikatoka jikoni. "Mwanamume anakoroma mpaka Sidab nzima inaamka kwa sala ya alfajiri! Muadhini wao hana kazi."

"Umejuaje nakoroma?"

"Unasinzia hapo barazani kila siku, mdomo wazi! Kwani mimi kipofu?"

Sleyum akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa hakucheka tena. Alikuwa amemwona Bi Mahfoudha akitoka jikoni na dele la kahawa, kiganja kingine kimeshika ukuta, akipumzika kila hatua chache.

"Mwambieni nimekubali," alisema. "Lakini mahari asinizidishie."

"Nataka televisheni ya rangi," alisema Bi Mahfoudha. "Na mtu wa kunipigia pasi."

Ruhusa ya kumuoa mgeni ilitakiwa itoke serikalini, na watu waliwatisha kwamba ingechukua mwaka. Ikatoka upesi kuliko walivyotazamia. Kwenye maombi waliandika: mzee mjane, mwenye kisukari, hana wa kumwangalia. Mambo yote matatu yalikuwa kweli. Ikabaki kumwita Sheikh Murshid aifunge ndoa, kisha kuipeleka hati ya ndoa kwa Buthaina dirishani, na mlango wa moyo utengenezwe kwa kanuni hiyo hiyo iliyokuwa imewafukuza.

Katika siku zile Bi Mahfoudha alianza kuimba jikoni. Alitafuta wanja wake wa zamani, akatuma aletewe kanga mpya, akamwuliza Balqees kwa siri kama mtu wa umri wake akitia hina watu watamcheka. Ndoa ilikuwa ya dawa, yeye mwenyewe ndiye akisema hivyo kila saa. Lakini furaha ilikuwa yake, na ilikuwa kweli. Tangu aachwe na mumewe kule Wete angali kijana, hakuna aliyewahi kumuuliza anataka mahari gani, hata kwa mzaha.

 

Ikawa Alhamisi, baada ya alasiri. Sebuleni walikaa wanaume, Sheikh Murshid mbele, daftari lake limefunguliwa, sinia ya halua katikati. Sleyum alivaa joho la nduguye marehemu, na kanzu yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imepigwa pasi.

Ndani walikaa wanawake. Udi umetiwa, Bi Mahfoudha katikati ya mkeka, hina haijakauka viganjani, anajitia kukunja uso. Jirani yao Shariffa akipepea. Na Bi Wadha, furaha imempanda kichwani, hakunyamaza tangu adhuhuri.

"Huyu bibi harusi mnayemwona ni mkaidi tangu kuzaliwa," alisema. "Nyinyi hamjui. Mimi nilikuwa msichana wa kuteka maji, nnakumbuka kama jana. Mama yake alipopata ile homa, akalala hajitambui, huyu akaletewa maziwa ya mbuzi, akayatema! Akaletewa ya ng'ombe, akayatema! Amekonda, kabaki macho tu. Mpaka mama yangu, Mungu amrehemu, akasema nipeni mimi huyo. Akampakata huku na Sleyum huku, mwezi mzima, na hawa wawili hata hapo walikuwa wakipigana mateke juu ya..."

Akasita. Mkono aliokuwa akionyeshea mateke ukabaki hewani.

Upepeo wa Shariffa ukasimama.

Mtasema alikuwa amesahau. Hakusahau, alilijua jambo lile kama anavyolijua jina lake, na ndiyo sababu hakuwahi kulifikiri. Kule Pemba wanawake walinyonyesheana watoto wakati wa shida, na haikuwa habari ya kutangazwa. Mahfoudha na Sleyum katika kichwa chake walikuwa watoto wawili wagomvi. Hajawahi kuwawaza bwana harusi na bibi harusi mpaka wiki ile, na wiki ile alikuwa akiwaza moyo tu. Kumbe kwa miguu yake mwenyewe alikuwa anamuoza ndugu yake kwa dada wa kunyonya. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndoa hiyo haiko, na haiwi, kwa mtu yeyote anayesali.

Shariffa ndiye aliyesema kwanza, kwa kunong'ona. "Hatukusikia kitu. Sisi tumesikia nini? Ndoa ya karatasi, jamani. Atibiwe, kisha aachwe. Nani atawauliza?"

Balqees aliinamisha kichwa. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka sana, na tunamsamehe, maana alikuwa ameona usiku na mchana jinsi yule bibi anavyolala ameketi ili apate pumzi. Bi Wadha naye machozi yalikuwa yakimchuruzika. Kusema ni kumuua Mahfoudha. Kunyamaza ni kumharibia na Mola wake, naye hata hajui.

Lakini alijua. Alikuwa amekaa pale pale katikati yao, si kiziwi.

"Mama alininyonyesha?" aliuliza.

"Mwezi mzima, Mahfoudha. Nisamehe."

"Bila ya hivyo ningalikufa?"

"Ungalikufa. Walikwisha kukutafutia sanda."

"Na leo niolewe na mwanawe nijifanye sikusikia? Hata. Nishikeni mkono niinuke."

"Na moyo wako?" alilia Balqees.

"Moyo wangu unajua wapi ulikonyonya," alisema Bi Mahfoudha. "Niinueni, nimekwambieni."

Wakamwinua. Akenda mpaka kwenye pazia la sebule, hina inadondoka sakafuni, akazungumza kutoka nyuma ya pazia.

"Sheikh Murshid, funga daftari lako. Huyu bwana harusi nimenyonya naye."

Aliyekuwa akimimina kahawa akaliweka dele chini. Sheikh akauliza, Bi Wadha akajibu. Mara moja au mbili? Mwezi mzima. Ameona kwa macho yake? Kwa macho yake. Sheikh akavua miwani. Alikuwa amekwisha kuambiwa ndoa ile ni ya nini, na uso ukamshuka.

"Kwa madhehebu yoyote, yetu na yenu, hapa hakuna pa kupenya," alisema. "Sleyum, huyu ni dada yako."

Sleyum alibaki na tende mkononi. Akaanza kucheka, joho linatikisika, na watu wakataka kucheka naye, mpaka walipoona kwamba analia.

 

Wiki ile hapakuliwa chakula cha maana. Bi Mahfoudha alisema basi, amejaribu, sasa akatiwe tikiti. Thani akaanza tena habari ya benki, akajibiwa tena vile vile. Na Sleyum hakuonekana. Alasiri ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, Bi Wadha akaamini ndugu yake amechukia.

Alipokuja alikuja asubuhi, akasimama uani, akasema Mahfoudha avae viatu.

"Wapi?"

"Spitali."

"Tutalipa na nini? Na joho?"

"Nimeuza kiwanja."

Kiwanja chenyewe kilikuwa Mabela, alipewa na serikali kama walivyopewa raia wengine. Alikuwa hajajenga kitu. Alikuwa amenunua geti tu, geti la chuma la madoido, limeegemea ukuta wake Sidab likingoja nyumba. Kila mtu alilijua lile geti. Watoto wa Sidab wakilifanya goli.

"Uliza kwanza!" alifoka Bi Mahfoudha. "Nani kakwambia nataka? Thani nimemkataza, nikukubalie wewe?"

"Thani ni mtoto, unaweza kumkataza. Mimi nakuuliza kwani? Kaka haombi ruhusa."

"Kaka! Umekuwa kaka tangu Alhamisi!"

"Tangu mwezi ule. Nilikugawia ziwa langu, sikukugawia kwa hiari, lakini nilikugawia. Ziwa kubwa kuliko kiwanja. Vaa viatu."

Bi Mahfoudha akakaa kizingitini. Fadhila za watu angalizikataa mpaka kufa, na alikuwa tayari kufa kwa hilo. Lakini fungu la dada hukataliwa vipi? Hajawahi kuwa dada wa mtu. Akatafuta viatu vyake, akivitafuta huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Umeuza bei gani?" aliuliza mlangoni.

Sleyum akamtajia.

"Mjinga wewe! Mabela pale karibu na barabara? Wamekuibia!"

"Ningalikuchukua wewe uuze, lakini hupumui."

Dirishani walimkuta Buthaina yule yule. Akaangalia kadi, akawakumbuka.

"Nani wako?" alimuuliza Sleyum.

"Dada yangu."

"Baba mmoja?"

"Maziwa."

Buthaina akashusha kalamu. Yeye pia ni mtoto wa Kiislamu, alifahamu mara moja, na alimtazama mzee kwa heshima. "Baba, mbele ya Mungu ni dada yako. Lakini huku nna mke, mzazi, mtoto. Wa kunyonya sina. Sijaambiwa bado."

"Siku watakapokuambia, mwandike huyu wa mwanzo."

"Inshallah. Kwa leo nimwandike mgeni anayelipa?"

"Mwandike unavyotaka," alisema Sleyum. "Serikali ilinipa kiwanja, na serikali inakichukua. Mimi nayo hatudaiani."

Bi Mahfoudha safari hii hakuitazama saa. "Mwandike vizuri jina langu," alimwambia Buthaina kwa Kiarabu safi. "Kwenye ile kadi wamelikosea."

 

Nisikuwekeni roho juu: alipona. Mwaka wa pili yake alikwenda Umra na Bi Wadha, wakagombana njia nzima kwenda na kurudi. Lakini nnataka kukuambieni habari ya asubuhi ya upasuaji, maana Balqees alikuwepo na hachoki kuihadithia.

Bi Mahfoudha alikuwa amelazwa, gauni la spitali limempwaya. Bi Wadha kakaa miguuni anasoma, midomo inakwenda mbio. Sleyum kakaa kwenye kiti, hajui aweke wapi mikono. Akaingia nesi wa Kihindi na kofia ya karatasi, akasema kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba sasa mtandio uvuliwe, nywele zitiwe kofia, wanaume watoke nje.

Sleyum akainuka pale pale. Maisha yake yote, Bi Mahfoudha akitaka kujifunga mtandio vizuri, yeye hutoka au hutazama ukuta. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Mahfoudha.

"Nesi kasema..."

"Nesi hajui. Rudi ukae. Wewe ni ndugu yangu."

Akainua mikono yake, ile hina ya harusi bado imo viganjani, akaufungua mtandio mwenyewe, akaukunja, akampa aushike. Nywele zilikuwa chache, nyeupe pee, zimesukwa mikia miwili myembamba. Sleyum alizitazama muda mrefu, mtandio mapajani. Hajawahi kuziona tangu walipokuwa wakichezea mchanga.

"Una nywele za mama," alisema.

Uwongo mtupu. Mama yao alikuwa na nywele za singa mpaka kiunoni, na maziwa hayagawi nywele. Bi Wadha alijua, akaacha kusoma, akafungua mdomo kumsahihisha, kisha akaendelea kusoma.

"Ndiyo," alisema Bi Mahfoudha, akiinamisha kichwa avishwe kofia. "Mimi na Wadha tumefanana na mama. Wewe ndiye uliyetoka mbaya."